Meno ya Elisaria na Maji ya Kijito Chetu

Babu yangu Elisaria alikuwa mzuri wa sura mpaka afungue mdomo. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima, maana meno yangu mimi ni yale yale: ya kahawia, yenye madoa, kama yamelowekwa kwenye kahawa iliyolala. Alizaliwa mashariki ya Mlima Meru, kwenye kijito chenye maji ya rangi ya chai, na kila aliyelelewa kwa maji hayo tangu uchanga huota meno ya namna hiyo. Leo wataalamu wanasema ni madini ya mlima. Enzi za Mjerumani hakuna aliyekuwa na habari hiyo, na kwetu hakuna aliyejali, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa hivyo.

Shida ilianza alipopenda mbali. Alikuwa akipeleka ndizi sokoni Arusha, karibu na boma la Wajerumani, na huko ndiko alikomwona Naipanoi, binti wa Kiarusha kutoka Ngaramtoni, aliyekuwa akiuza maziwa. Naipanoi alimcheka meno kwanza, kisha akamzoea, kisha ikawa siku ya soko asipomwona hana raha. Aliyekuwa hajamwona Babu ni baba yake Naipanoi, mzee Lesikar.

Kwa Waarusha, anayekwenda kuchumbia huwapelekea wazee tumbaku. Na tumbaku ni ya wazee. Kijana akionekana anaitafuna, amewakosea adabu. Babu aliyajua yote hayo. Alichosahau ni uso wake mwenyewe. Akafunga safari na baba yake mdogo, Sumari, wamebeba bunda la tumbaku huku wakiswaga kondoo jike.

Walipofika, Babu aliinamisha kichwa kama kijana anavyopaswa, na mzee akamgusa utosini. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kisha mzee akamuuliza habari za nyumbani, naye Babu akajibu, tena kwa tabasamu pana, masikini wa Mungu!

"Hebu fungua mdomo tena," Lesikar akasema.

Akafungua.

"Tumbaku yangu umeitafuna njiani!"

"Hapana, baba. Sijawahi kuonja tumbaku maishani mwangu."

"Na mwongo pia! Binti yangu haolewi na kijana anayekula vya wazee kabla hajapewa. Rudini kwenu."

Sumari alijaribu kueleza kwamba ni maji tu, akafungua na mdomo wake uwe ushahidi. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Lesikar aliyatazama meno yake akasema, "Kumbe ni ukoo mzima."

Babu alibaki amesimama. Mlangoni walikuwapo Naipanoi na mama yake. Binti hana ruhusa ya kusema neno mbele ya wazee siku kama hiyo, lakini alikuwa amelishika shuka lake kwa mikono miwili na macho yamejaa machozi. Babu aliniambia kwamba siku ile aliogopa kuliko alivyowahi kuwaogopa askari wa boma, na wale walikuwa na viboko.

Lakini mfugaji ni mfugaji. Sumari alipomvuta kondoo ili waondoke, Lesikar, pamoja na hasira zake zote, alishindwa kumwacha mnyama apite bila kumkagua. Akamshika taya, akampanua mdomo aone umri wake. Akainama zaidi. Kondoo ana meno ya mbele upande wa chini tu, na ya huyu yote yalikuwa ya kahawia, yenye madoa.

"Huyu amezaliwa wapi?"

"Kwetu, mzee," Sumari akajibu. "Anakunywa maji ya kijito kile kile."

Lesikar akamtazama kondoo, akamtazama Babu, akamrudia kondoo. "Huyu hatafuni tumbaku," akasema polepole, kama mtu anayebishana na nafsi yake. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaiegemea fimbo yake, akawaita majirani waje wamwone mkwe na kondoo wake. Nao wakaja, wakawapanua midomo wote wawili, na Babu hakujali hata kidogo. Mwishowe mzee akamtemea mate ya baraka kifuani, na posa ikapokelewa.

Kabla hawajaondoka, Naipanoi aliruhusiwa kuwaletea maziwa. Alipomkabidhi Babu kibuyu, aliuliza kwa sauti ya chini, "Na watoto wetu watakaozaliwa huko kwenu, watakuwa hivyo hivyo?"

Babu alitaka kudanganya, akashindwa. "Watakuwa hivyo hivyo."

Naipanoi akafikiri kidogo.

"Afadhali," akasema. "Hawatanipotea sokoni."