Jitu-Nyati na Kiti cha Kemunto

Leo dada yetu Kemunto ameingia kikaoni na kiti chake mwenyewe.

Sisi wanaume tulikuwa tukigawana shamba la chai la marehemu baba, hapa Ekerenyo.

"Rudi jikoni," mdogo wangu akamwambia.

"Chai hiyo aliichuma nani? Wewe?"

Nikamkumbuka Mama Kokila, Mhindi wa duka la vitambaa Kisii, miaka ya sitini. Kila sikukuu ya Durga alitusimulia habari za jitu-nyati lililoomba miungu lisiuawe na mwanamume yeyote, likakubaliwa. Wanawake halikuwataja, liliwadharau.

Ndipo Durga, mungu wa kike, akaja, amepanda simba, akaliua.

Ndugu zangu wote walinitazama mimi, mkubwa wao, nimfukuze Kemunto.

Nikasema tugawe upya, naye akiwemo.

"Basi sogeeni," akasema, "nikae."

Mmoja hajasogea bado.

Ninyi mngesogea?