Boti Mbili za Kumvulia Mama

Mama yangu alifika Penrith, mji tunaoishi huku ughaibuni, mwezi wa kwanza, kwenye joto la kumtoa mtu jasho, akitokea kambi ya wakimbizi Tanzania, na akagoma kula. Hakugoma kwa kelele. Alisogeza sahani, akasema, "Nimeshiba," halafu akauliza, "Nitarudi lini?" Kurudi wapi? Kambini! Kwenye foleni ya unga! Ila yeye amezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, na samaki wetu wa friza, alisema, hata mwenyewe hajui kama ni samaki.

Nguo zikaanza kumpwaya. Niliogopa, nasema kweli. Nikamwahidi kwamba nitanunua boti nimvulie mwenyewe.

Mtu mwenye akili angenunua ndoano, akatembea dakika kumi mpaka mtoni. Mimi nikaanza utafiti. Mpanga maboksi wa ghala la Ingleburn nikageuka mtaalamu wa boti za kuvulia bass, samaki wa mito ya huku. Kila mapumziko ya chakula nililinganisha mbili. Ya kwanza ya faiba, nyekundu ya kumetameta, injini ya nguvu za farasi mia mbili na hamsini, viti kama vya bosi. Ilikuwa na kasi ya kumpita samaki mwenyewe. Ya pili ya alumini, nusu ya bei, inakunywa mafuta kwa adabu. Jedwali langu lilisema alumini ndiyo inayostahili pesa yake. Moyo ulisema nyekundu.

"Mama anakonda, wewe unapima injini," mke wangu akaniambia. "Hongera, injinia."

Zote mbili zilikuwa na tangi la kumweka samaki akiwa hai, maji yakizunguka. Hilo lilinifurahisha kuliko yote. Samaki afike nyumbani anapumua; tangi lina kazi gani nyingine?

Muuzaji akakubali tuijaribu ile nyekundu Jumamosi. Mama akaja na beseni mapajani, ndani yake chumvi na kisu kilichofungwa kwenye kitenge. Muuzaji alilitazama beseni akatabasamu tu. Kisha akafungulia injini, mto wote ukarudi nyuma yetu.

"Yesu wangu!" Mama akapiga kelele. "Tunamkimbia nani?"

Nikalishika beseni lisiruke.

Tukasimama chini ya miti. Muuzaji akarusha ndoano, na baada ya muda akavuta bass mmoja mnene. Akampima. Akampiga busu mdomoni, haki ya Mungu! Akapiga naye picha, akamtia kwenye tangi. Nikamwona mama anameza mate, mara ya kwanza tangu afike. Baadaye kidogo muuzaji akamtoa tena samaki, akainama ukingoni.

"Anafanya nini huyu?"

"Anamrudisha mtoni, mama."

"Kwani ni mgonjwa?"

"Hapana. Ndivyo wanavyovua huku."

"Ala! Yeye amekunywa chai asubuhi. Mimi je?"

Akainuka kwenye boti inayoyumba, akamchukua samaki mikononi mwa yule mwanamume, akamgonga mara mbili kwenye ukingo mwekundu unaometameta. Paa! Paa! Akamlaza kwenye beseni, akamfunika kitenge. Muuzaji alikuwa amepauka. Nikamuuliza kwa unyenyekevu kama sheria inaruhusu kuchukua mmoja. "Mmoja, ndiyo," akajibu kwa sauti ndogo, huku akiipapasa rangi kwa kidole.

Nyumbani mama alimpika mwenyewe, nyanya na ndimu tu. Alianza na kichwa. Alifyonza macho, akamaliza mkia, akakwangua ugali wa chini ya sufuria. Nilitoka nikasimama nyuma ya nguo zilizoanikwa, nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Niliporudi ndani alikuwa anajifuta vidole. Akanitazama, nami nikajiandaa kwa swali lake la kila siku.

"Ile ya alumini," akasema, "tunaijaribu lini?"