Matawi Niliyoyatoa Njiani

Ninyi vijana mtakaosoma hii, wekeni simu chini kwanza. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo naandika vile nilivyoona.

Nilitoka kwangu Dagoretti kwa sababu ya Nafula, mke wa mwanangu. Yeye na akina mama wenzake wamepewa kipande cha msitu wa serikali wakirudishie miti. Ndani yake kuna njia ya zamani ya malori, ardhi imeshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu, na mvua ikinyesha maji yanakimbia na udongo wote. Wanaifunga wapande. Lakini kila wiki kuna mtu anaifungua, pikipiki zinapita, miche inakufa. Wameambiwa isipofungika kabla ya mvua, kipande kitapewa kikundi kingine. Nafula alilia jikoni kwangu. Sipendi mtu alilie sufuria ya ugali. Nikamwambia, "Jumamosi tunaenda wote. Huyo mtu nitamshika mwenyewe."

Saa mbili asubuhi tulikuwa Adams Arcade, nikanunua mikate ya wafanyakazi. Nafula akaona ni mingi.

"Mama, sisi ni watu saba tu."

"Mtu wa jembe hali kipande kimoja. Beba."

Kwenye geti la msitu, upande wa Ngong Road, askari alikuwa mtu wa kwetu magharibi. Akaangalia fimbo yangu. "Kukhu," akaniita, maana ndivyo kwetu tunavyoita nyanya, "hiyo ni ya kutembelea ama ya vita?"

"Itategemea nitakutana na nani."

Akacheka, akatusindikiza. Alinionyesha barabara itakayobaki wazi, ya gari la kuzima moto, ina mitaro pande zote. "Moja nzuri inatosha," akasema. "Hizi zingine zinamaliza msitu tu."

Tulipofika kazini, akina mama walikuwa wanavunja ardhi kwa mtaimbo na kutandaza majani makavu. Nafula akaninyooshea kidole. "Ona, Mama. Jumamosi tunalaza matawi hapa tufunge njia. Jumatatu tunayapata kando. Na ameyapanga! Huyu mtu ana dharau."

Nikayaangalia matawi. Halafu nikaona lile jiwe ninalokaliaga nikichoka, nikaligonga kwa fimbo. Hiyo ndiyo njia yangu ya kanisani. Sikuitambua mapema kwa sababu Jumapili naingilia upande wa pili.

Mnajua lori likiharibika, dereva analaza matawi barabarani kuonya wenzake. Likipona anaondoka, anayaacha, watu wanaumia. Hiyo tabia nimeichukia tangu zamani. Basi kila Jumapili nilikuta matawi, lori silioni, nikayatoa, nikayapanga vizuri, nikawatukana madereva mpaka mlango wa kanisa.

"Nafula," nikasema, "huyo mtu ni mimi."

Mama Shiro, mwenye mtaimbo, aliketi chini kwa kicheko. "Si Nafula alituambia umeapa utamshika? Haya Kukhu, jishike!"

Nafula hakucheka. "Kila Jumapili, Mama?"

"Kila Jumapili."

Akanipa mgongo, akaendelea kuchimba. Hapo niliumia. Nikaweka fimbo chini, nikaanza kuyarudisha matawi, moja moja, mpaka jua likasimama kichwani. Hakuna aliyenizuia, na angejaribu ningemkemea.

Wakati wa chai Nafula alikuja na mkate, vipande viwili. "Kula. Na yale makubwa niachie, mgongo wako naujua."

"Mgongo wangu hauna shida."

"Sawa, Mama." Lakini aliyashika upande wa pili, tukavuta pamoja.

Jioni tulirudi Dagoretti, magoti yananiwaka. Nilichojifunza ni kidogo: kitu ukikikuta njiani, uliza kwanza nani amekiweka na kwa nini, hata kama una mvi. Mimi nilikuwa na hakika sana.

Usiku ule niliwakusanya nyumba nzima kabla ya kula. "Jumapili tunaenda kanisani kwa kuzunguka na lami, sisi sote. Chai ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Atakayechelewa ataikuta baridi. Na mkiniona naelekea msituni na Biblia yangu, mmoja wenu alale njiani kama tawi, asitoke hata nikimwamuru."