Risasi ya Nyati

Leo nikiwa kwa fundi nimesikia harufu ya televisheni iliyowashwa kutwa nzima, plastiki ya moto na vumbi, na papo hapo nikawa tena mtoto, mtaani kwetu Mlabani, kwenye banda la gemu, nimekaa benchini na baba.

Zamani baba na mdogo wake waliongoza wawindaji bondeni. Baba mdogo aliuawa na nyati, na nyumbani hatukuruhusiwa kuulizia.

Siku hiyo nilimvuta baba anione nikicheza gemu ya kuwinda. Kwenye kioo zilijipanga risasi za kila aina. Nilichagua ndogo, kwa sababu bunduki yake haikurukaruka.

“Hiyo ni ya swala kama sheshe, na ngiri,” baba alisema. “Nyati anataka nene, yenye kichwa kigumu, ipenye mfupa. Hiyo itamjeruhi tu.”

“Akijeruhiwa inakuwaje, baba?”

“Anaingia kwenye matete, anakusubiri. Bunduki ya risasi nene ilikuwa moja tu, mwanangu. Baba yako mdogo alinipa mimi, yeye akabaki na ndogo.”

Nikabadilisha, nikaweka nene. Nyati alipotokeza kwenye matete nilibonyeza pedi kwa nguvu zangu zote, akaanguka, na vijana waliosubiri zamu wakashangilia.

“Ameanguka, baba! Tazama, ameanguka!”

Baba alikuwa ameinama, amefunika uso kwa kofia yake, mabega yakimtetemeka.