Nilivyoweka herufi za juisi kwenye chupa za sumu

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nina stationery ndogo hapa Bagamoyo mjini. Nachapa, natengeneza lebo.

Kuna fonti moja nilikuwa naipenda mno. Herufi nene za mviringo, zimelaliana kama matangazo ya soda za zamani. Nilimwekea mama mmoja wa Kaole kwenye juisi yake ya ukwaju, ikapendeza kweli. Basi ikawa kila kazi naitupia hiyo hiyo.

Asubuhi moja akaja Mzee Omari, mkulima wa Fukayosi. Hununua dawa ya wadudu kwa dumu, akawagawia wenzake kwenye chupa za maji. Akataka lebo: DAWA YA MANANASI.

Nikazibandika mwenyewe kwenye chupa tano alizokuja nazo, na rangi ya njano juu. Neno SUMU nikaliweka chini, dogo, maana lilikuwa linaharibu dizaini.

Mchana nikaiona lebo moja imebaki mezani. Ile ilikuwa juisi kabisa.

Nampigia mzee simu, haipatikani. Nikafunga ofisi, nikachukua bodaboda hadi Fukayosi. Njia nzima napiga, haipatikani.

Nafika, mzee yuko shamba. Mkewe, Bi Mwajuma, ana wageni kutoka Chalinze wamekuja kuposa binti yake.

"Shikamoo mama. Chupa za mzee ziko wapi?"

"Marahaba. Mbili nimezitia kwenye ndoo zipoe, niwape wageni."

"Mama, ile ni sumu."

Akasema taratibu, "Mimi kusoma sijui, mwanangu. Nimeona maandishi yanacheka, nikajua juisi."

Tukazitoa. Wageni wakapewa maji ya mtungini.

Tatu zilikuwa zimeshagawiwa. Mzee aliporudi tulizifuata nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekuwa amekunywa, alhamdulillah.

Kesho yake nikapeleka lebo mpya bure: herufi nyeusi za kawaida, SUMU kubwa, fuvu la kichwa. Na chupa za maji mzee kaziacha, anatumia vidumu.

Nilichojifunza: herufi zinaongea hata na asiyejua kusoma. Za kuchekesha tuziache kwenye juisi, keki na kadi za harusi.

Siku hizi kabla sijachapa naigeuza karatasi juu chini, naitazama kama Bi Mwajuma angeiona.

Mnaofanya kazi hizi, mmewahi kuponea chupuchupu hivi? Andikeni hapa chini, nasoma zote.