Vibonye vya Juu vya Kinanda cha Bwera

Mimi si mtu wa subira. Mtu akiniletea redio kwenye meza yangu hapa Kasese akaanza kunisimulia ugonjwa wake, humwambia anyamaze, redio itajieleza yenyewe. Lakini kinanda cha umeme cha kanisa moja la Bwera kilinilazimisha kumsikiliza mpigaji wake, maana muziki siujui.

Mpigaji alikuwa mama mzee, mwalimu mstaafu, aliyekipiga tangu wamisionari walipokiacha. Siku za karibuni kwaya ilikuwa ikikwama katikati ya wimbo, kwa kuwa noti za juu zilitoka mara mbili mbili. Wazee wa kanisa walisema ni umri, wakachagua mtu wa kumpokea. Yeye alisema ni bodi za umeme za ndani zimechakaa, vibonye vingine havitoi sauti mpaka avirudie. Basi wakakubaliana fundi aitwe kwanza.

"Mimi napiga hii tangu bwana yangu iko hai," aliniambia. "Wakinitoa hapa, nitabaki na nini?"

Nilipofungua mgongo wa kinanda nikafurahi, maana ubovu ulikuwepo kweli. Vumbi, mavi ya mijusi, kapasita zimevimba, na kwenye bodi ya katikati lehemu imepasuka karibu kila mahali. Nikalehemu upya mpaka macho yakaniwasha. Kisha tukaanza kujaribu: mimi kichwa ndani, nikigonga bodi kwa mpini wa bisibisi, yeye mbele akibonyeza kimoja kimoja na kunijibu.

"Iko. Iko. Hii ilikuwa imekufa, sasa iko."

Tukapanda hivyo hadi vibonye vya juu. Hapo akasema, "Hapana. Imekufa."

Mimi nilikuwa nimeisikia, nyembamba na safi, karibu na sikio langu. Nikadhani nimekosea.

"Rudia, Mama."

Ikalia tena.

"Imekufa," akasema. "Na hii. Na hii pia."

Nikapima bodi ya juu yote kwa mita ya umeme. Nikalehemu hata palipokuwa pazima, kwa sababu niliogopa kutoka nyuma ya kile kinanda. Katika kazi yangu yote sijawahi kutamani kukuta kitu kimeungua kama nilivyotamani siku ile. Hakukuwa na kilichoungua.

Nilipotoka, kidole chake kilikuwa bado kimekandamiza kibonye. Noti ilikuwa imejaa kanisa zima, naye ananitazama, anangoja.

"Wewe unaisikia?" akaniuliza.

Ningeweza kusema kipuri chake hakipatikani tena. Wangekisukuma kinanda stoo, na lawama ingebaki kwa mashine. Neno lilinifika mdomoni kabisa.

"Naisikia, Mama."

Hakulia. Aliinua kidole, akakishusha tena taratibu, akakikazia macho kibonye.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akisubiri mlangoni akaingia, akaniuliza mimi, hakumuuliza yeye: "Fundi, mashine iko namna gani?" Nilimkasirikia mzee wa watu bure, kwa kuwa ameuliza tu.

"Mashine imepona," mama akajibu kabla yangu. "Ni mimi siisikii. Ita ule mwenye mulichagua, nimufundishe."

Kisha akasogea pembeni kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu wa pili.