Usiku Baba Alipolala Malaba

Miaka ya sitini, nilipopata kazi Malaba, mimi na mke wangu tulipanga nyumba ya vyumba viwili kwa mama mmoja muuza samaki. Siku moja baba alikuja kutoka Bumala kunihimiza ninunue ploti nijenge.

"Mwanaume mzima unakaa kwa mtu?"

Tulibishana mpaka jioni. Mvua ikanyesha, na basi la mwisho likaondoka.

Nilikuwa naota kumwandalia baba kitanda kwangu, hata siku moja tu. Lakini kwa mila yetu baba halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Sasa alikuwa anakunja suruali, atembee na mvua yote ile.

"Baba, hii nyumba ni ya nani?"

"Si ya yule mama wa samaki hapo mbele?"

"Basi leo wewe ni mgeni wake."

Akamtazama mke wangu, akaketi na kuvua viatu polepole.

"Mwambieni huyo mama asante," akasema.

Alitusimulia hadithi mpaka chai ikaisha. Asubuhi, akifunga kamba za viatu, akaniambia, "Hiyo ploti ngoja kwanza. Mwezi ujao nakuja tena."